Maswali na majibu: Kubadilisha filta ya oili ya pikapu nyumbani bila kuchafua ua

Wasomaji wenye pikapu na malori madogo wameuliza namna ya kufanya kazi hii uani bila kuacha dimbwi jeusi. Majibu yanahusu zaidi filta zenye umbo la kopo la chuma, zinazofungwa kwa kuzungushwa, kwa kuwa ndizo zilizopo kwenye Hilux na Canter nyingi za dizeli zinazotumika kwetu.

Kila nikifungua filta, oili hunitiririka hadi kiwikoni na kumwagikia chesisi. Niliambiwa niivalishe mfuko wa plastiki kabla ya kuifungua, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Hata hivyo hujapoteza kitu kikubwa, kwa sababu mfuko huteleza na mara nyingi hutobolewa na ncha ya chuma iliyo jirani. Dumu tupu la lita 5 la mafuta ya kupikia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Likate ubavu mmoja upate tundu ambalo filta na vidole vyako vinaweza kuingia bila kubanwa, kisha likinge chini ya filta huku mpini wake ukiwa mkononi mwako.

Inafaa kujua kwa nini filta humwagika ingawa sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, imekwisha kuwa tupu. Filta nyingi zina vali ya mpira ndani, ambayo huzuia oili isirudi kwenye sampo injini inapozimwa, ili asubuhi injini isizunguke kavu. Kwa hiyo kopo hubaki na oili yake mpaka utakapolegeza gasketi, ile pete ya mpira inayoziba kati ya filta na injini, na hapo ndipo hewa huingia na oili kuanza kutoka kando ya mdomo. Dawa yake ni kuizungusha filta polepole mpaka tone la kwanza lionekane, kisha uache kabisa kuigusa. Subiri dakika kadhaa mpaka mtiririko ukatike, izungushe tena kidogo, usubiri tena, na mwishowe uitoe ukiielekeza mdomo juu papo hapo. Wengi huchafuka kwa sababu wakishaona imelegea huizungusha harakaharaka kwa vidole, nayo humwaga kila kilichomo katika nusu dakika ambayo mkono uko chini yake.

Ikiwa chuma cha chesisi kinapita chini kabisa ya filta na dumu haliingii, kunja karatasi nzito ya alumini, ile ya jikoni, iwe kama mfereji, uibane kati ya filta na chesisi ili oili ielekee kwenye beseni. Wapo mafundi wanaoitoboa filta kwa msumari upande wa chini, na tundu jingine juu la kuingiza hewa, ili imwagike yote kabla ya kufunguliwa. Njia hiyo ni safi sana, lakini sishauri mtu atoboe kabla hajathibitisha kwamba filta imelegea, kwani ikikataa kutoka baada ya kutobolewa, gari haliwezi kuwashwa wala kupelekwa kwa fundi.

Nilipofungua boliti ya sampo, oili iliruka ikapita beseni. Beseni langu lilikuwa mahali sahihi kabisa. (Msomaji, Nakuru)

Lilikuwa mahali sahihi kwa oili ya mwisho, si kwa ile ya kwanza. Sampo ikiwa imejaa, msukumo wa oili ni mkubwa, na kama boliti iko ubavuni, oili hutoka ikienda mbele kabla ya kushuka. Kadiri inavyopungua, mkondo hurudi nyuma, na mwishoni huwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa uani huupeperusha nje ya chombo. Inabidi chombo kisogezwe mara moja au mbili, nawe uwe hapo ukitazama.

Ukubwa wa chombo nao hupuuzwa. Hilux yenye injini ya dizeli ya 2KD hubeba karibu lita 7 za oili, kwa hiyo beseni dogo la kufulia litafurika au litamwagika unapolivuta. Mimi napendelea dumu la lita 20 lililolazwa na kukatwa dirisha kubwa kwenye ubavu wa juu. Kuta zake huzuia michirizi, na kazi ikiisha unalibeba kwa mpini na kumimina kupitia mdomo wake mwenyewe. Chini yake tandika boksi lililokunjuliwa.

Boliti yenyewe ifungue huku ukiisukuma kwa ndani mpaka uhisi nyuzi zimeachia, kisha uivute pembeni kwa haraka. Washa injini dakika chache kabla ili oili iwe nyepesi, lakini usifungue ikiwa ya moto kabisa, na vaa glavu, maana oili iliyotumika si rafiki wa ngozi.

Filta imekataa kulegea. Nipige bisibisi ipenye katikati niitumie kama mpini? (Dereva, Mbeya)

Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa. Bati la filta ni jembamba, na likichanika utabaki na sahani ya chini iliyoganda kwenye injini pamoja na oili kila mahali. Futa kopo likauke, lizungushie msasa, ujaribu tena kwa mkono. Ikishindikana, tumia spana ya mnyororo au ya mkanda, uifunge karibu na injini ambako kopo ni gumu zaidi.

Filta mpya nikaze kiasi gani, na je, niijaze oili kwanza? (Msomaji, Mombasa)

Paka gasketi oili mpya kwa kidole, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Spana haihitajiki. Filta inayosimama mdomo ukiwa juu unaweza kuijaza kiasi, ikiwa mtengenezaji hajakataza, lakini iliyolala ubavu ukiijaza utakuwa umejitafutia uchafu uleule ulioukimbia.

Kubwa kuliko hayo ni kuhakikisha gasketi ya zamani imetoka pamoja na filta ya zamani. Wakati mwingine hubaki imenata kwenye injini, na filta mpya ikifungwa juu yake, gasketi mbili hazishikani. Injini ikiwaka, oili hurushwa nje kwa presha, na ua wote uliouhifadhi huharibika kwa muda mfupi sana, mbali na hatari ya injini kukosa oili. Pangusa sehemu hiyo kwa tambara safi na uipitishie kidole. Ukiwasha, taa ya oili izimike baada ya sekunde chache, na kabla ya kuondoka chungulia chini.

Oili chafu naweza kupaka nguzo za uzio kuzuia mchwa? (Msomaji, Kitui)

Desturi hiyo ni ya siku nyingi, lakini oili iliyotumika ina chembe za metali zilizosagika kutoka kwenye injini, na mvua huishusha ardhini, pengine karibu na kisima au bustani ya mboga. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko bila kuichanganya na petroli wala maji ya rejeta, uipeleke gereji inayokusanya oili kwa wanunuzi wake. Filta nayo iachwe imeinamishwa juu ya dumu, ikiwa bado na joto, kwa saa 12 au zaidi.

Na ikiwa imeshamwagika kwenye sakafu ya saruji? (Msomaji, Tanga)

Usimwage maji. Funika kwa unga wa mbao au mchanga mkavu, ukanyagekanyage, uache usiku kucha, uzoe, kisha usugue kwa sabuni ya unga na brashi ngumu. Doa la siku nyingi litapauka tu.