Umepewa mkataba wa basketi? Usiache kazi kwanza

Jumanne usiku kijana mmoja ameniandikia inboksi. "Sasa senior, timu imenipa mkataba wa mwaka mmoja lakini wanataka mazoezi asubuhi na jioni, niache kazi ya duka la simu ama?" Ana miaka 23, anacheza gadi, na anasema alikuwa anakuja kuniona Nyayo akiwa shule. Hapo kwa "akiwa shule" nilinyamaza kidogo, kwani nimezeeka lini? Nikamtumia voisi tatu ndefu alafu nikaona wacha niandike tu, juu najua si yeye peke yake anauliza, tangu Nairobi City Thunder wawe timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ile ligi ya basketi ya klabu za Afrika, kila kijana mwenye anaweza kugusa rimu anaona Kigali, kwenye walienda kuicheza, mbele yake. Na sio vibaya. Hata mimi ningeona.

Mimi nilicheza namba 5, yule mrefu wa chini ya rimu, miaka tisa, futi 6 inchi 7, sijawahi kukaa vizuri kwa matatu maisha yangu yote. Ilikuwa timu ya kampuni, na mnajua basketi ya kwetu miaka mingi imebebwa na kampuni, mabenki, bandari, jeshi. Kwa karatasi umeajiriwa ofisini, lakini kuna wachezaji walikuwa wanaenda hio ofisi kweli na kuna sisi mastaa. Tulikuwa tunapanda basi la usiku kwenda Mombasa, uwanja wa Makande, kucheza na KPA, timu ya bandari, Jumamosi mechi, Jumapili mechi, usiku uko kwa basi tena magoti yamegandamizwa na kiti cha mbele, na Jumatatu saa mbili wale wenzetu wako kaunta wamefunga tai macho mekundu. Sisi tulikuwa tunalala mpaka saa sita. Na tulikuwa tunawacheka! Mmoja wao sasa ni meneja wa tawi. Mwaka jana nilienda kwake kuomba mkopo, akanipea, hakunikumbusha hata siku moja vile nilikuwa namwita karani. Afadhali angenikumbusha.

Goti lilienda 2016. Hata haikuwa mechi, ilikuwa mazoezi, Alhamisi, watu hawafiki kumi, nimeruka ribaundi nikashuka vibaya nikaskia kitu kama mwiko umevunjika. ACL, ule mshipa unashika goti ndani, ulikatika. Klabu hawakunifukuza, wacha niwe mkweli, walingoja tu mkataba uishe Desemba wakanyamaza. Operesheni tulichangishana na Mama akauza ng'ombe wawili. Alafu siku moja saa nne asubuhi niko kwa foleni ya fizio nikaona nimetolewa kwa grupu ya timu ya WhatsApp. Hakuna mtu alisema kitu. Miaka tisa bro. Nimesamehe, lakini saa nne asubuhi naikumbuka.

Miezi mingi nilikuwa naambia watu "narudi, narudi". Nilikuwa nimelala kwa kochi mguu juu ya stuli nasoma stori za wachezaji wa Marekani, na hapo ndio nilianza kushtuka. Junior Bridgeman wa Milwaukee Bucks, msimu wenye alilipwa vizuri kabisa hakupita dola 350,000, lakini akiwa bado anacheza alikuwa anajifunza biashara ya hoteli za Wendy's, na baadaye akawa nazo zaidi ya 100. Dave Bing alikuwa anafanya kazi benki huko Detroit wakati wenzake wako likizo, 1980 akaanzisha kampuni ya chuma, 2009 akawa meya wa mji. Alafu kuna Antoine Walker, zaidi ya dola milioni 100 zilipita kwa mikono yake na 2010 akaenda kotini kutangaza amefilisika. Nikajiuliza mimi niko upande gani, na mimi hata hio milioni moja ya shilingi sijawahi kuiona imekaa pamoja.

Sasa kuna mzee alikuwa anakosa mechi zetu mara chache sana, ana duka la spea za gari Kirinyaga Road. Kila tukishinda alikuwa ananiambia, "Kijana, ukichoka na huo mpira kuja dukani." Nilikuwa nacheka, natafuta wenye wanataka picha. 2017 nikaenda. Nikamkuta nikaanza kumweleza ile fainali, ile bloku, na yeye akanikatiza, "Hio naijua, nilikuwa hapo. Bushi ya Probox na ya Fielder unaweza kutofautisha?" Sikuweza. Akaniweka stoo, juu mrefu anafikia shelfu ya mwisho bila ngazi, na mwaka mzima hio ndio ilikuwa talanta yangu.

Februari 2021 nilikuwa hapo stoo na simu, Kenya na Angola, 74 kwa 73, Tyler Ongwae anafunga mwisho kabisa, na hivo ndio tukarudi AfroBasket, mashindano ya basketi ya nchi za Afrika, baada ya miaka 28. Nilipiga kelele mpaka kastoma akadhani tumeibiwa. Alafu nikakaa kwa boksi la shoki nikalia, na sitawadanganya ati ilikuwa furaha peke yake.

Leo niko na kaduka kangu, hatua kama ishirini kutoka kwa Mzee, na nimeajiri watu wawili. Ndio, najisifu, nani atanisifia?

Kwa hivo vijana, anza sasa. Cheza, lakini anza sasa. Jina lako liko na ekspaiari kama maziwa, wakati wanakupigia makofi ndio wakati wa kuomba namba ya simu ya yule mzee, sio ukiwa na magongo. Mimi nilibahatika tu mlango wangu ulikuwa bado wazi, wa wenzangu wengi ulikuwa umefungwa. Usicheke mwenye anaenda ofisini. Na uanze sasa, nimesema mara ngapi?

Huyu wa inboksi nimemwambia asiache duka la simu. Aombe bosi wake masaa ya katikati ya mchana, na kabla asaini aulize swali moja tu, goti likienda nani analipa operesheni, na jibu liandikwe kwa huo mkataba, sio kuambiwa na kocha kwa mdomo.

Amenijibu na kidole gumba. Leo asubuhi nimeona status yake, jezi mpya, namba 11, imepigwa pasi vizuri.