Wasomaji Wauliza: Alitikisa Mkia, Mbona Akauma?

SWALI: Mbwa wetu dume ana miaka minne na hajawahi kuuma mtu. Juzi mgeni aliinama kumpapasa kichwani. Mbwa alikuwa anatikisa mkia, mara akamng'ata mkono. Sasa nawahofia watoto. Tulikosa kuona nini?

JIBU: Kwanza mgeni wako. Kama meno yalitoboa au kuchubua ngozi, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza.

Tuje kwa mkia. Mkia ukitikisika, jua tu kwamba mbwa amesisimka. Kama ni furaha, hofu au hasira, viungo vingine ndivyo vitakavyokuambia. Mbwa mwenye furaha hupunga mkia kwa mapana, usawa wa mgongo au chini kidogo, na kiuno chote kinayumba nao. Mkia uliosimama wima na kukaza, ncha yake tu ikitikisika harakaharaka, ni wa mbwa aliye tayari kupambana. Akiufyata huku anautikisa kidogo, anaomba aachwe.

Halafu tazama uso. Mdomo uliolegea na kuachama kidogo ni wa mbwa aliyetulia. Ukifumbwa ghafla mkono unapomkaribia, kuna jambo. Atalamba pua ilhali hakuna chakula, atapiga miayo bila usingizi, atageuza kichwa pembeni lakini macho yakabaki kwako, hata weupe wa jicho uonekane kama mwezi mwandamo. Asiposikilizwa, hukakamaa: mwili hautikisiki, hata kuhema anaacha. Hali hiyo huweza kudumu sekunde moja tu kabla ya meno, ndiyo maana wengi huapa kwamba mbwa aliuma bila onyo.

Kumwinamia mbwa asiyekujua na kumshika kichwani ni kumtisha. Mgeni asimame kiubavu, asimkodolee macho, amwache mbwa aje mwenyewe. Ampapase kifuani kwa sekunde 3, kisha aondoe mkono. Mbwa akijisogeza, aendelee. Akibaki kama sanamu au akageuka, basi. Watoto wafundishwe hivyohivyo, wasimkumbatie shingoni, na wadogo wasiachwe naye peke yao hata dakika moja. Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo: mbwa mpole akibadilika ghafla, mara nyingi kuna maumivu ya sikio, jino au viungo.

SWALI: Jike wetu hunguruma nikipita karibu anapokula. Mume wangu anasema apigwe ili aache. Ni sawa?

JIBU: Hapana, tafadhali asipigwe. Kunguruma ni onyo, na onyo ndilo linalowalinda. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, lakini hofu ya kunyang'anywa chakula inabaki palepale, tena inaongezeka. Siku nyingine atauma kimyakimya.

Mwache ale kwa amani, na msimwondolee bakuli akiwa katikati ya kula. Kila upitapo, mrushie kipande cha nyama kitamu kuliko kilichomo bakulini, ukiwa mbali kiasi kwamba shingo yake haikazi. Kwa wengine ni mita 2, kwa wengine 4. Sogea hatua moja tu siku ambayo anainua kichwa akiwa amelegea na kukutazama kwa hamu. Akianza kula kwa pupa au kuinamia bakuli kama anayelificha, umekaribia mno, rudi nyuma. Kosa la kawaida hapa ni haraka.

SWALI: Wangu alikatwa mkia na masikio yake yananing'inia. Nimsome vipi?

JIBU: Tazama shina la sikio, si ncha: likivutwa nyuma, ana wasiwasi. Manyoya ya mgongoni yakisimama, amesisimka, si lazima awe mkali. Zaidi ya yote angalia uzito wa mwili. Ukiegemea miguu ya mbele, anataka kusonga. Ukirudi nyuma, anatafuta pa kutokea, kwa hiyo usimbane kwenye kona.