Maswali ya wasomaji: Ukombozi wetu ulilipiwa na nani, na alilipwa nani?

Swali: Kanisani tunasema "nimeokoka" na pia "nimekombolewa". Je, ni kitu kimoja?

Yanakaribiana, lakini hayalingani. Anayezama akavutwa hadi ufukweni ameokolewa, basi. Kukomboa kunadai malipo. Shamba lililowekwa rehani halirudi kwa maombi, hurudi deni linapolipwa. Ndani ya neno hilo kuna mambo matatu: kitu kilikuwa cha mwenyewe tangu mwanzo, kimeangukia mikononi mwa mwingine, na kina bei. Wengi hulisahau lile la kwanza, nalo ndilo kiini. Mungu hakwenda sokoni kununua mali ya watu. Alifuata walio wake.

Torati iliiweka kazi hii mikononi mwa jamaa. Kwa Lawi 25:47-50, Mwisraeli aliyejiuza kwa umaskini aliweza kukombolewa na ndugu yake, ami yake au mwana wa ami yake, na bei ilihesabiwa kwa miaka iliyobaki hadi yubile, yaani mwaka wa hamsini wa kuachiliwa huru. Boazi aliikubali kazi hiyo (Ruthu 4) baada ya jamaa wa karibu zaidi kukataa, akihofia kuuharibu urithi wake mwenyewe. Kwa Kiebrania mtu huyo huitwa goeli. Neno hilohilo limo katika Ayubu 19:25, ila pale Biblia ya Union imeandika "Mteteaji", na msomaji wa Kiswahili haoni uhusiano. Ukiuona, utaelewa kwa nini Waebrania 2:14 inakazia kwamba Yesu alishiriki damu na mwili kama sisi. Mkombozi lazima awe ndugu.

Swali: Kama Yesu alitoa fidia, nani aliipokea? Rafiki yangu anasema ni Shetani.

Rafiki yako ana wenzake wa zamani sana. Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, aliwaza hivyo. Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, akaongeza mfano wa mvuvi: ubinadamu wa Yesu ulikuwa chambo, uungu wake ndoana, Shetani akameza akanaswa. Lakini Gregory mwingine wa karne hiyohiyo, yule wa Nazianzo, alilikataa wazo hilo, akiona ni aibu mnyang'anyi kulipwa, tena kulipwa Mungu mwenyewe.

Tunasimama na huyu wa Nazianzo. Marko 10:45 yataja fidia na anayeitoa, haimtaji mpokeaji. Israeli walipotoka Misri, Mungu alisema atawakomboa "kwa mkono ulionyoshwa" (Kutoka 6:6), na Farao hakupata hata senti. Wagalatia 3:13 inasema tumekombolewa katika laana ya torati, na laana haina mfuko wa kuwekea fedha. Kosa hutokea mtu anapouvuta mfano kupita urefu wake. Fidia inatufundisha kwamba uhuru wetu uligharimu uhai wa Kristo. Haikukusudiwa itupe jina la mtu wa kuandikiwa risiti.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Nimeambiwa nitoe sadaka ya ukombozi kwa ajili ya mzaliwa wangu wa kwanza, la sivyo laana ya ukoo itamfuata. Kiasi kimeshapangwa, na nimetajiwa Hesabu 18. Nifanyeje?

Amina, mama yetu. Usiitoe. Fungua kwanza hiyo Hesabu 18:15-16 uisome mwenyewe. Mtoto wa kiume wa kwanza alikombolewa kuanzia umri wa mwezi mmoja kwa shekeli 5 za fedha, yaani karibu gramu 55 kwa mizani ya leo. Sababu imeandikwa katika Kutoka 13: Mungu aliwanusuru wazaliwa wa kwanza wa Israeli usiku ule wa Misri, kwa hiyo wakawa wake. Baadaye Walawi, kabila la watumishi wa hema la ibada, walichukua nafasi yao. Hesabu 3 inawahesabu wazaliwa wa kwanza 22,273 na Walawi 22,000, na wale 273 waliozidi ndio waliolipiwa, jumla shekeli 1,365. Laana ya ukoo haitajwi popote hapo. Waliopokea ni Haruni na wanawe, na huyo anayekudai leo si kuhani wa uzao huo.

Tazama pia nusu shekeli ambayo kila aliyehesabiwa aliitoa kuwa fidia ya nafsi yake (Kutoka 30:15): tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Viwango vya leo vinavyopanda kwa ukubwa wa shida ya mtu havina mzizi humo.

Halafu soma 1 Petro 1:18-19: hamkukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Anayekudai fedha kwa jambo hilohilo anasema, hata kama hakukusudia, kwamba damu haikutosha. Hilo linatuuma.

Cha kufanya: mwombe akuonyeshe mstari unaoagiza Mkristo alipe, kisha usome sura nzima, si mstari mmoja. Ukitishiwa kifo au ugonjwa wa mtoto, toka hapo ukawaone wazee wa kanisa unaowaamini. Ada ya shule usiiguse, wala usiuze kiwanja. Ukitaka kumshukuru Mungu kwa mtoto, toa ulichokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7), na uiite kwa jina lake: shukrani.

Swali: Nimekombolewa, mbona bado naugua?

Kwa sababu ukombozi una sehemu iliyokwisha na sehemu inayosubiriwa. Waefeso 1:7 inasema "tunao" ukombozi, masamaha ya dhambi. Warumi 8:23 inasema tunaugua, yaani tunalia kwa uchungu ndani yetu, tukiutazamia "ukombozi wa mwili wetu". Ugonjwa wako si dalili kwamba malipo yalipungua. Nenda hospitali, na uombe.

Swali: "Mkiukomboa wakati" (Waefeso 5:16) ni ukombozi huohuo?

Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile cha Wagalatia 3:13, lakini hapa kinabaki na maana ya sokoni: kununua fursa ingali ipo. Hakihusu msalaba.