Mwanachuo wa unasihi shuleni aanzie kwa mwalimu

Kwa miaka kadhaa nimesimamia wanachuo wa uzamili wanaojiandaa kwa kazi ya afya ya akili shuleni. Kwenye nadharia hawana shida. Hukwama pale mwalimu anapowashika mlangoni na kuwaambia, "Huyu mtoto amenishinda, mchukueni mkamrekebishe."

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha mafunzo haya: mfundisheni mwanachuo kufanya kazi na mwalimu kabla hamjamfundisha kukaa na mtoto chumbani. Chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani, NASP, kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na shule nyingi za huko hazijafika hata hapo. Kwa hesabu hiyo, atakayekaa na mtoto kutwa ni mwalimu.

Mwanachuo wangu mmoja alikabidhiwa mvulana aliyesifika kwa ukorofi, haishi kuinuka kitini na kuchokoza wenzake. Nilimwambia asimwite ofisini kwanza. Akakaa nyuma ya darasa na karatasi yenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Haikuchukua muda safu ya kwanza ikaanza kujirudia: zamu yake ya kusoma kwa sauti inakaribia. Ya tatu nayo hivyo hivyo: anatolewa nje. Fujo ilikuwa inamwokoa na aibu. Mwalimu alipoiona karatasi hakubisha, maana yote yalitokea mbele yake. Wakakubaliana mtoto apewe aya yake mapema aipitie na mwanachuo, kufukuzwa darasani kukome, na apimwe uwezo wa kusoma. Bila hiyo karatasi angeishia kwenye vikao vya kudhibiti hasira ambayo hakuwa nayo.

Suala la usiri nalo lifanyiwe mazoezi kwa sauti, wanachuo wakiigiza. Mwalimu atauliza tu, "Amekwambia nini?" Anayejibu yote amemsaliti mtoto, anayenyamaza kabisa amempoteza mwalimu. Mwalimu aambiwe kinachomsaidia darasani, basi. Mtoto naye aelezwe tangu kikao cha kwanza kwamba akiwa hatarini, au akitaka kumdhuru mtu, siri hiyo haitafichwa.

Saa za mafunzo kwa vitendo ni muhimu. NASP inataka 1,200, angalau 600 ziwe shuleni. Ila mimi natazama zaidi zinaanza lini. Mwanachuo anayengoja mwaka wa mwisho ndipo aingie shuleni huja na mazoea ya kliniki, na kuyavua ni kazi. Aingie muhula wa kwanza, hata kama ni kutazama tu.

Na ninyi wasimamizi, msitosheke na ripoti. Kaeni kwenye kikao, au msikilize kilichorekodiwa kwa ridhaa ya mzazi na mtoto. Ripoti huandika alichokusudia mwanachuo. Kwenye rekodi utasikia alivyomkatiza mtoto alipotaka kuanza kulia. Mrudishe hapo hapo, mwulize alikuwa anaogopa nini.