Hiyo mistari inayowasha ngozini: mchanga wa nje kwenu mmeuangalia?

Mwanangu wa miaka minne ana mstari mwekundu makalioni, unawasha na kila siku unazidi kurefuka. Nimepaka dawa ya fangasi wiki mbili, wapi!

Mama, hiyo sio fangasi. Fangasi inatanuka kwa duara, haitembei. Hiyo ni minyoo ya safura ya mbwa na paka, imemwingia alipokaa kwenye mchanga, na kwa vile mwili wa binadamu sio kwao wanashindwa kushuka mpaka kwenye damu kama ile safura yetu, basi wanabaki juu juu wanachimba, milimita chache mpaka sentimita moja mbili kwa siku, na usiku ndo mtoto halali kabisa. Krimu acha. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, mara nyingi wanatoa albendazo siku tatu au ivamektini dozi moja, ila ivamektini mtoto hajafika kilo 15 hapana, so usikisie dukani. Halafu hukuuliza ila nakuuliza mimi, nje kwenu kuna mchanga wa ujenzi? Maana mitaani kwetu lori likishamwaga hela inaisha, mchanga unakaa mwaka mzima ukutani, mchana watoto wanacheza mapishi pale, usiku paka wanachimba, wanajisaidia, wanafukia. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja mbili, na baada ya wiki hivi hao wadudu wako tayari kuingia ngozini. Tafuteni turubai mfunike leo.

Mume wangu anayo mguuni, ataniambukiza?

Hapana. Haitoki mtu kwa mtu.

Nikichoma kichwa cha mstari kwa maji ya betri?

Jamani hili swali nimelijibu mara ngapi? USICHOME. Mdudu mwenyewe hafiki hata milimita moja na anakuwa keshapita mbele ya pale unapoona wekundu, unaunguza ngozi yako bure. Mwezi uliopita nimemwona kijana kachoma kwenye kifundo, kidonda kinatoa usaha, na mstari umetokea upande wa pili. Wembe na mafuta ya taa, jibu ni hilohilo.

Nisipotibu?

Inaisha yenyewe, wiki kadhaa au miezi, ila utajikuna mpaka vidonda. Mjamzito usimeze kitu kabla hujamuona mhudumu.

Tunaenda Nungwi na watoto, wasikae mchangani?

Wakae pale maji yanapofika yakijaa. Kule juu pakavu, chini ya miti mbwa wanapolala, ndala miguuni na mtandike mkeka.

Paka wangu mnene, ana afya, dawa ya minyoo ya nini?

Unene sio kipimo, mnyama anaweza kung'aa manyoya na tumboni kajaa. Watoto wa mbwa ndo kabisa, wanaipata kwenye maziwa ya mama yao, hao waanze dawa wakiwa na wiki mbili tu na irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka waache kunyonya. Mnafuga mbwa wa kulinda geti mnampa ugali na dagaa, dawa mnaona gharama, wakati uwanja anaojisaidia ndo huohuo mtoto anatambaa. Muoneni daktari wa mifugo, na kinyesi kiokotwe kila siku, kabla mayai hayajaanguliwa.