Usizibe Ufa Tangi Likiwa Limejaa

Yamekuwa yale yale tena. Kijana ana tangi la maji ya chumvi sebuleni, sentimita 100 kwa 45 kwa 50, lita 225 likijaa. Mawe yamekomaa, matumbawe yameanza kuchanua, na kitatange wawili wanazunguka kama wenye nyumba (ndiyo, tulimwambia kitatange atamlia matumbawe, hakusikia). Asubuhi moja anaamka, zulia limelowa. Kabla ya chai keshafika duka la vifaa vya ujenzi, keshanunua silikoni, keshapaka kwa nje. Jioni swali linakuja: "Wakuu, nimeziba lakini bado linadondosha. Nipake tena?"

Hapana, mdogo wetu. Usipake tena. Weka hiyo tyubu chini, usome.

1. Umeme kwanza, maji baadaye. Zima kwenye swichi kuu, sio kwa kuchomoa plagi iliyolowa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bombani mara nyingi sana. Hita izime dakika 20 kabla maji hayajashuka chini yake, la sivyo kioo chake hupasuka. Ukimaliza yote haya, nyaya zipange upya: kila waya ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande, ili tone linaloufuata waya liangukie sakafuni.

2. Hakikisha kwanza kama linavuja. Sehemu kubwa ya "mivujo" tunayoitiwa si mivujo. Umeme umekatika usiku, pampu ya kurudishia imesimama, bomba lake limegeuka mrija wa kunyonya, maji yameshuka, sampu (tangi dogo la chini lenye pampu) ikafurika. Umeme umerudi alfajiri, kila kitu kinazunguka kama kawaida, na wewe unatafuta ufa usiokuwepo. Hesabu ni rahisi. Mdomo wa bomba ukikaa sentimita 4 chini ya uso wa maji, tangi la 100 kwa 45 litarudisha lita 18 kabla hewa haijaingia. Sampu yako ina nafasi ya lita 18, pamoja na maji yaliyobaki kwenye mabomba? Toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, lifyonze hewa mapema. Kisha lisafishe kila wiki, maana konokono na mwani hulipenda tundu hilo kuliko sehemu nyingine yoyote ya tangi. Zima pampu mwenyewe, mchana, umesimama hapo hapo, uone maji yanaishia wapi. Usisubiri umeme ukatike ndipo ujifunze.

Watuhumiwa wengine: kikombe cha skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) kilichojaa, hasa siku uliyotia dawa au uliyoingiza mkono wenye losheni, oringi (pete ya mpira) ya kichujio cha nje iliyokauka, viputo vinavyorusha maji juu ya kioo. Chumvi nyeupe iliyoganda ni shahidi mzuri, lakini humsingizia asiyehusika pia. Ukiikuta ukingoni juu, ni maji yanayoruka. Ukiikuta chini, kwenye kiungo cha kioo na kioo, hiyo ndiyo kesi. Ifute kwa maji moto na siki kidogo, kausha kabisa, tandika gazeti chini pande zote nne, urudi baada ya saa 12. Gazeti halidanganyi.

Kuna kipimo kizuri kuliko macho, na wageni wengi hawakijui. Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki ndani. Yakivuja, hutoka nayo. Kwa hiyo ukijazia maji baridi (yasiyo na chumvi) na chumvi ikabaki 35 kwa elfu, hilo ni joto tu. Tangi lenye lita 200 za maji likivuja lita 2 kwa siku, nawe ukajazia maji baridi, chumvi itashuka kutoka 35 hadi chini ya 33 ndani ya wiki moja. Na wenye boya la kujazia lenyewe, angalieni sana: boya huficha mvujo. Kina hakishuki, gazeti hukulitandika, na siku matumbawe yanapoanza kujikunja unalaumu taa.

3. Viungo vya kupenya kioo, vile vya kupitishia mabomba. Mpira ukae upande wenye kola, nati upande wa pili. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Silikoni haihusiki hapo. Wanaokaza mpaka jasho ndio wanaopasua kioo kuzunguka tundu, na kioo kilichopasuka hakina matibabu.

4. Silikoni haishiki silikoni. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoangamia wengi, na anayejiita mkongwe akasema hajawahi, mwulize mara ya pili.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumelelewa nayo, na kwenye ukuta ni kweli. Kwenye tangi imetuponza. Unaona tone, mkono unawasha, unataka kuziba sasa hivi, samaki wakiwa ndani, maji yakiwa juu. Tumepaka kwa nje, tumepaka kwa ndani baada ya kushusha maji sentimita kumi tu, tumepaka juu ya silikoni ya zamani kwa sababu ilionekana nzima, tumepaka kwa dole gumba lenye mafuta ya chapati. Kila mara ilikaa siku mbili, tatu, tukajipongeza. Ya nne, zulia.

Sababu ni hizi. Silikoni ikishakauka uso wake hukataa karibu kila kitu, hata silikoni mpya. Ile uliyopaka juu yake imelala tu kama plasta kwenye ngozi yenye mafuta. Inashika kioo, tena kioo kikavu, kisafi, kisicho na chumvi wala mwani. Kisha kuna msukumo. Kwenye kina cha sentimita 50 maji ya chumvi husukuma kwa gramu 51 hivi kila sentimita ya mraba, na kioo chote cha mbele kinabeba kilo 128. Kinachohesabika ni kina, urefu wa tangi hauongezi msukumo wa chini. Ukipaka kwa ndani, walau msukumo unaikandamiza silikoni kwenye kioo. Ukipaka kwa nje, unaibandua kwa nyuma usiku na mchana.

Halafu tone linapotokea sipo linapoingilia. Maji huingia kwenye mwanya wa utepe wa ndani (mstari wa silikoni uliopakwa kwenye kona za ndani), yakasafiri ndani ya kiungo sentimita 20, 30, yakatokea pale palipo dhaifu. Ukiziba hapo kwa nje, yanageuka na kutafuta mlango mwingine. Ndiyo maana kijana anasema "nimeziba hapa, sasa linavuja kule". Halijaanza kuvuja kule. Wewe ndiye uliyeyaelekeza.

Kwa hiyo maji yote nje. Suuza tangi kwa maji baridi mpaka chumvi iishe, likauke. Kwa kiwembe cha upande mmoja kata utepe wa ndani, wote: kona nne za wima na pande nne za chini. Usikate kipande cha sentimita kumi palipovuja, kwa sababu utepe mpya utakutana na wa zamani kwenye ncha zote mbili, na pale ndipo utakapovuja mwezi ujao. Silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse, hiyo ndiyo inayolishika tangi; utepe wa ndani ni mlinzi wake tu. Kwangua mpaka ukucha uteleze bila kukwama popote. Futa kwa asetoni au spiriti ya isopropili na kitambaa cheupe, mara mbili, kisha usiguse tena kwa kidole. Dirisha wazi, sigara mbali.

Silikoni yenyewe: safi asilimia 100, ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni ina dawa hiyo, nayo huua. Ile ya fundi wa madirisha ya aluminiamu inaweza kufaa au isifae. Soma tyubu, usisome uso wa muuzaji. Bandika tepu ya karatasi milimita 8 kutoka kwenye kona, pande zote mbili. Paka kwa mfululizo bila kusimama, pitisha kidole chenye glavu mara moja, bandua tepu palepale ikiwa mbichi. Una dakika kumi hivi kabla haijafanya ngozi, basi fanya wima kwanza, chini baadaye, haraka. Kwa tangi la ukubwa huu unatumia kama mililita 160, tyubu moja ya 300 inatosha na kubaki.

Kisha subiri siku 7. Saba, hata kama juu imekauka jioni ile ile. Hukauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa kunywa unyevu wa hewani. Hapo watu wa Tanga na Mombasa mnatuzidi wenye viyoyozi. Harufu ya siki ikiwepo bado, haijawa tayari.

Ukiona mistari myeupe au mapovu yaliyopenya kiungo chenyewe kutoka ndani hadi nje, utepe hautakuokoa. Tangi linavunjwa vioo vyote na kuunganishwa upya. Uliza fundi bei, linganisha na la jipya, uamue. Kabla ya miaka ya 1960 matangi yalifungwa kwa fremu za chuma na putti, na chumvi ikaila chuma. Kwa hiyo tusiitukane sana silikoni.

5. Kuhamisha viumbe. Mapipa mawili na ndoo ambazo hazijawahi kuona sabuni. Anza na maji ya juu, yaliyo safi, kwa mpira, kabla hujagusa mchanga. Matumbawe yafuate, kila aina chombo chake, yakiwa majini. Mawe yabaki yamezama, kwa sababu bakteria wanaokusafishia maji wanaishi humo. Yakikauka yanakufa, na amonia, sumu ya uchafu na uozo, ndiyo itakayokuja kukuamkia. Samaki mwisho kabisa. Wageni huanza na samaki, wakawafukuza saa nzima katikati ya mawe, wakavunja matumbawe, wakapata kangaja mmoja aliyekata tamaa. Mawe yakishatoka na maji yakibaki sentimita 10, hata mtoto anawakamata. Funika mapipa. Samaki mkunga hutoka kwenye ndoo bila kuaga.

Pampu ya hewa ya betri, joto 25 hadi 27, chakula kidogo au hakuna. Mchanga wa zamani wenye tabaka jeusi linalonuka yai bovu, utupe pamoja na maji ya chini yaliyochafuka.

Na hili bila utani: matumbawe laini ya vifungo, yale ya jamii ya zoantasi, baadhi yana palitoksini, sumu kali kuliko nyingi zinazojulikana baharini. Glavu na miwani. Usiyasugue kwa brashi makavu, na jiwe lenye nayo usilichemshe kamwe. Mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali.

6. Jaribu kwa maji baridi. Nje au bafuni, juu ya kitu kilichonyooka, gazeti chini. Theluthi moja, usiku mmoja. Theluthi mbili, usiku mmoja. Likijaa, saa 48.

7. Meza. Maji kilo 230, kioo cha milimita 10 karibu 48, mawe na mchanga juu yake. Unakaribia kilo 310 au zaidi. Meza ya mbao za kushindilia ikinywa maji huvimba kona moja, tangi hupindika, kiungo hufunguka, nawe unarudi kwenye namba 4. Pima maji kwa urefu na kwa upana (chombo kina jina hilo hilo, sijui kwa nini hamkitumii). Kabari iingie chini ya miguu ya meza, kamwe isiingie kati ya meza na kioo. Tangi lisilo na fremu liwekewe godoro la povu la milimita 10 chini. Lenye fremu ya plastiki inayoning'iniza kioo cha chini, usiliwekee.

Unaporudisha, lengo ni angalau nusu ya maji ya zamani. Wanaochota baharini: maji kupwa na baada ya mvua za masika msichote, wala karibu na mdomo wa mto. Subirini yajae, bamvua ikiwezekana, mbali na mitaro, halafu mpime. Uzito wake ukilinganishwa na maji baridi ukiwa chini ya 1.025 kwenye nyuzi 25, yaongezeeni chumvi. Amonia ipimeni kila siku kwa wiki nzima. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisheni robo ya maji siku hiyo hiyo.

Gazeti liachwe chini ya tangi wiki mbili zaidi. Na ile tyubu iliyobaki mpe fundi wa madirisha. Ikikaa kabatini, mkono utawasha tena.