Mzee akipotea, nani alipe? Majibu kuhusu demensia nchini Japani

Japani, karibu watu 3 kati ya 10 wametimiza miaka 65 au zaidi, na wiki hii wasomaji wameniuliza wenzetu hao wanawatunzaje wazee wenye demensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Gharama za matunzo analipa nani?

Kuna bima ya matunzo tangu Aprili 2000. Ukifika miaka 40 unachangia, upende usipende. Nusu ya fedha hutoka kwenye kodi. Manispaa humtuma mtu nyumbani kumpima mzee: anaweza kuinuka mwenyewe? Anajua amezaliwa lini? Huu ni msimu gani? Shida ni kwamba mbele ya mgeni wazee wengi hujikaza kisabuni, wakajibu vizuri kuliko siku zote, na mtoto akabaki kumnong'oneza mpimaji mlangoni. Baada ya hapo mzee hupangiwa daraja la uhitaji wa matunzo, moja kati ya 7. Yeye hulipa asilimia 10 ya gharama. Mwenye kipato kikubwa, 20 au 30. Familia haipewi fedha mkononi, inaletewa huduma.

Mzee akitoka nyumbani akasababisha hasara, familia inadaiwa?

Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Desemba 2007, mjini Obu mkoani Aichi, mzee wa miaka 91 alitoka nje wakati mkewe, mwenye miaka 85, amepitiwa na usingizi kidogo tu. Akaingia relini, treni ikamuua. Kampuni ya reli ikaidai familia fidia ya usumbufu wa safari. Mwaka 2013 mahakama ya Nagoya iliamua mke na mwana mkubwa walipe yen milioni 7.2. Rufani ikapunguza hadi nusu, mzigo wote ukaangukia kwa mjane. Machi 2016 Mahakama ya Juu ikafuta deni: kuwa mke au mtoto pekee hakukufanyi mlinzi wa mgonjwa kisheria. Hata hivyo iliacha upenyo wa kumdai anayeonekana kweli kubeba jukumu hilo, jambo ambalo mimi naona linamtisha mwenye moyo wa kujitolea. Jiji la Kobe limetafuta njia yake: tangu 2019 wakazi huongezewa kodi ya yen 400 kwa mwaka, ajali za namna hii zifidiwe.

Ni kweli walibadilisha jina la ugonjwa?

Kweli, mwaka 2004. Neno la zamani, *chihō*, lilibeba maana ya upumbavu. Sasa ni *ninchishō*.

Mtoto aliyeajiriwa anapewa likizo?

Siku 93 kwa kila mgonjwa wa familia, na anaweza kuzigawa mara tatu. Utasema ni chache, kwa maradhi yanayodumu miaka. Ni chache kweli kama unataka kumlisha na kumwogesha wewe mwenyewe. Zimewekwa ili uende manispaa, umpatie mzee daraja lake na watu wa kuja asubuhi, kisha urudi kazini.